Mguu wa Kuku wa Somoe

Jumanne, 15 Julai

Nimefungua banda saa kumi na mbili na nusu. Kuku wanne wameruka nje. Kishingo amebaki ndani, amekaa konani, anapepesa macho. Siku ya nne leo. Nimemtoa kwa mikono na kumweka chini uani. Hatua tatu, akakaa. Mguu wa kushoto anagusisha vidole tu, halafu anaukunja.

Nimechemsha mwarobaini. Majani ya kujaa kiganja, maji kikombe kimoja, kama alivyokuwa akifanya marehemu mke wangu Somoe. Nilionja nikatema. Kuku nimembana mapajani, nimempanua mdomo, nimemnywesha kijiko. Nusu imeingia kwake, nusu kwenye msuli wangu.

Huyu sitaki afe. Naandika hivyo kwa sababu daftari halina mdomo. Somoe alipokuja kuolewa kutoka Newala alikuja na kikapu, ndani mtetea na jogoo, wote wa shingo tupu. Uzao ule haukukatika uani humu miaka thelathini na moja. Somoe akafa mwaka juzi. Kuku wake wakafagiliwa na kideri mwishoni mwa mwaka jana, kikabaki kifaranga kimoja. Ndiye huyu. Wale wanne nimewanunua. Wakifa, wamekufa.

Jumatano, 16 Julai

Mwarobaini asubuhi na jioni. Hakuna mabadiliko.

Mangi amekuja uani kuchota maji akamwona. Mangi ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ana duka la mchele na sabuni, na kwao Kilimanjaro naona kila mtu huzaliwa daktari wa mifugo. Amesema kuku anakosa jua, ndiyo maana miguu imelegea. Hapo hajakosea sana. Tangu lile ghorofa la jirani limalizike, jua linaingia uani kwetu saa sita na saa saba limeshaaga.

Basi leo mimi, Fundi Hamisi, niliyewashonea watu suti za harusi miaka thelathini na nane, nimekaa barazani Kariakoo na kuku mapajani, namwotesha jua. Wapita njia wanauliza bei. Mmoja nilimwambia hauzwi, akacheka, akadhani ndiyo namna yangu ya kupandisha. Akazunguka, akarudi, akauliza tena. Nimeingia ndani. Aibu.

Alhamisi, 17 Julai

Kitunguu saumu na pilipili kichaa, vimetwangwa pamoja, nimemlisha vidonge viwili. Amepiga chafya. Mguu ni uleule.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimepita kwa muuza dawa za miti shamba, pale Msimbazi anapotandaza magunia yake. Mizizi, magome, unga wa rangi zote. Kabla hajauliza kuku anaumwa vipi ameuliza naishi na nani. Nimesema naishi na wapangaji, na shemeji yangu, mjane wa kaka. Akaguna. Amenifungia mizizi ya mtunguja kwenye gazeti na kuniambia niichemshe mpaka maji yawe mekundu.

Mguno ule nimerudi nao nyumbani.

Shemeji huyo ni Mama Salma, mke wa kaka yangu mkubwa Rashidi, aliyefariki miaka tisa iliyopita. Anakaa chumba cha mwisho, kilichopakana na uani. Nyumba ni ya baba yetu. Nilipokuwa nachemsha mizizi amesimama mlangoni kwake akaniambia nimtazame vizuri kuku mwenyewe, nisiwe namnywesha tu. Kila mtu kwenye nyumba hii anajua kuku wangu anaumwa nini isipokuwa mimi.

Jumapili, 20 Julai

Leo nimejua.

Niandike tangu mwanzo. Mwezi wa tatu tuligombana kwa sababu ya mayai. Mimi kuku watano, yeye watatu, wanataga popote, na kila yai aliloliokota Mama Salma lilikuwa la kuku wake. Nikasema basi, tuwatie alama. Watu hufunga kitambaa mguuni, lakini kitambaa huoza kikadondoka. Mimi ni fundi. Nilichukua lastiki nyeusi, ile ya kiunoni mwa sketi za shule, nikakata vipande vitano, nikamfunga kila mmoja mguu wa kushoto na kuishona ncha kwa ncha kwa uzi wa nailoni. Lastiki huvutika. Kishingo alikuwa bado mdogo, mguu kama njiti, nikasema itavutika kadiri anavyokua. Nilijisifu sana siku ile. Mama Salma hakuwafunga wake kitu. Alisema yeye anawajua kwa sura.

Leo nimewakagua mmoja mmoja. Wale wanne lastiki zao zipo. Kishingo hana. Chini ya goti pamevimba tu, pana tope na magamba, lastiki haipo.

Haikudondoka, ile hushikilia. Imekatwa. Sasa nani akate? Mangi hana kuku. Wapangaji wengine hawafugi. Mama Salma ameikata ili kesho aseme huyu ni wake, na katika kukata akamtegua mguu. Siku zote anausifia uzao wa Somoe, anasema vishingo hawana ugonjwa na wanalea vizuri. Nilidhani anasifia tu.

Na mimi nilikuwa nimekaa hapa nachemsha mizizi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemfunga Kishingo lastiki mpya, mguu wa kulia. Nimeibana zaidi ili ncha ya mkasi isipate pa kupita. Mishono mitatu ya kurudia. Tuone.

Mama Salma amepita akaona. Hakusema neno. Mwenye hatia hana la kusema.

Jumanne, 22 Julai

Nimeacha mizizi. Kama ametegulika, dawa ya kunywa itamfaa nini? Nimetwanga shubiri, majani ya mpapai na manjano, nikachanganya na mafuta ya nazi. Nimempaka kutoka paja mpaka vidoleni na kumfunga kwa kipande cha kanga ya Somoe. Anakaa kimya ninapomfunga. Hilo linaniuma, kwamba hapigi kelele.

Alhamisi, 24 Julai

Miguu yote miwili sasa. Jana alikuwa anasimama kwa mguu wa kulia, leo amelala tumbo. Amejinyea. Nimemwosha kwa maji ya moto nikabadilisha dawa, na safari hii nimefunga miguu yote.

Mama Salma nimemwona na ufagio asubuhi, akiwafukuza kuku kwenye jiko lake. Aliwapiga au hakuwapiga sikuona. Nimeuona ufagio.

Sijalala vizuri. Nina hasira, na fundi mwenye hasira amekwisha. Suruali ya mteja nimeikosea pindo mara mbili.

Ijumaa, 25 Julai

Limetoka.

Sikwenda msikitini. Saa tano nilikuwa uani nafungua vile vitambaa. Mama Salma akaja na bakuli la makombo, akachutama pembeni, akanyoosha mkono kumshika kuku. Nikamwambia amwache. Akasema anataka kuutazama tu ule mguu. Nikamuuliza hajautazama vya kutosha siku alipokata lastiki?

Akasema hajakata kitu. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Akaapa kwa Mungu. Mangi alikuwa ametoka dukani, na wapangaji wawili wamesimama koridoni na ndoo zao, na mimi nilipoona watu wananitazama sikunyamaza, nilizidi. Nilimwambia ameanza na mayai, sasa kuku, kesho itakuwa nyumba. Akasema, "Shemeji, punguza sauti, watu wanasikia." Kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulionichoma.

Nikamwambia, "Wewe ni mgeni kwenye nyumba hii. Aliyekuleta amekufa."

Aliweka bakuli chini. Akainuka kwa kushika ukuta, magoti yake ni mabovu. Akaingia chumbani na kufunga mlango. Mangi akaniambia, "Fundi, hapo umezidisha." Nikamwambia akauze mchele.

Nimesema ukweli. Nyumba ni ya baba yangu. Sijuti.

Jumamosi, 26 Julai

Ameondoka.

Salma, binti yake, amekuja na bajaji kutoka Buguruni saa tatu. Wametoa mabegi mawili na godoro. Vyombo na kuku wake watatu ameviacha, Salma amesema atavifuata siku nyingine. Salma hakunisalimia. Binti niliyemshonea sare za shule kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba, bure.

Kabla ya kutoka Mama Salma amefagia uani. Nilikuwa dirishani namwona. Amefagia mpaka kona ya choo, amezoa taka, ameegemeza ufagio mahali pake. Kisha akapita mlangoni kwangu akasema, "Shemeji, kwaheri." Sikuitikia.

Vizuri. Nyumba itakuwa na amani.

Jumapili, 27 Julai

Kishingo hali. Nimempa chenga za mchele kutoka dukani kwa Mangi, hakugusa. Mangi amenihudumia bila mazungumzo.

Uani kimya. Hakuna aliyefagia.

Jumanne, 29 Julai

Asubuhi nimemfungua Kishingo nikanusa harufu. Nimejua sasa ni kifo. Nikamtia kwenye mfuko wa kapu na kutembea naye mpaka Kisutu, kwa wauza kuku. Nilikuwa nataka mtu anayewaona kuku elfu, aniambie nimchinje au kuna namna.

Mama mmoja wa makamo, amekaa katikati ya matenga, mikono ina manyoya ya kuku mpaka viwikoni. Amenipa shikamoo, akanipokea kuku, akamgeuza kichwa chini miguu juu kama mtu anayesoma gazeti. Akasema mbona umempaka viungo vyote hivi, unataka kumkaanga? Waliokuwa karibu wakacheka. Akamwaga maji ya kopo juu ya miguu, akasugua dawa yangu yote ikatoka. Akaminya uvimbe wa mguu wa kushoto kwa kidole gumba, akasukuma nyama huku na huku.

Akasema, "Huyu kuku haumwi, mzee. Kafungwa."

Sikuelewa. Akachukua wembe. Ndani ya nyama, kwenye mfereji alioupanua kwa kucha, palikuwa na kitu cheusi. Akakivuta polepole kwa ncha ya wembe. Kuku akalia, mara ya kwanza siku zote hizi. Ikatoka lastiki. Halafu akaikata ile ya mguu wa kulia, ambayo nayo ilikuwa imeshaanza kuzama.

Akaniwekea zote mbili kiganjani. Ya zamani ilikuwa nyembamba, imeoza kwa damu, lakini pale ilipounganishwa uzi ulikuwepo. Mishono mitatu ya kurudia. Uzi wa nailoni. Ningeijua hata gizani, ni mkono wangu.

Yule mama akauliza, "Nani kamfanyia hivi?"

Nikasema watoto.

Nyumba yetu haina mtoto.

Akasema watoto wapigwe. Akaeleza lastiki haiachii, inavutika ndiyo lakini haiachi kubana, kuku anakua nayo inabaki palepale mpaka nyama inaifunika na mtu haioni tena. Mimi ndiye wa kuelezwa lastiki inafanya nini. Kila mwanamke niliyemshonea sketi amewahi kunilalamikia alama ya kiunoni. Akaniambia mguu wa kulia utapona. Wa kushoto kuanzia uvimbe kwenda chini umekufa, utakauka udondoke wenyewe. Dawa zote niache, nimwoshe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Amekataa kupokea kitu.

Nimerudi kwa miguu. Sikumbuki nilipita njia gani.

Jumatano, 30 Julai

Nimewakata wale wanne lastiki zao.

Nimemfukuza mke wa kaka yangu kwa lastiki niliyoifunga mwenyewe. Nimeandika ili niione. Imekaa kwenye karatasi na haibadiliki. Alisema nimtazame kuku vizuri. Alisema hivyo nilipokuwa nachemsha mizizi, amesimama mlangoni pake, na siku ile ya mwisho alichutama autazame yeye. Angeiona. Macho yake ni mazuri kuliko yangu. Mimi nilitazama mara moja bila miwani, nikaona hakuna lastiki, nikaona mwizi.

Najichukia. Si kwa namna ya kusema tu. Nimejitazama kwenye kioo cha kupimia wateja nikaondoka.

Ijumaa, 1 Agosti

Msikitini. Nilikuwa nataka kumwomba Mungu lakini maneno hayakuja, nikawa nahesabu nguzo.

Jumapili, 3 Agosti

Kishingo amekula. Chenga kiganja kizima. Mguu wa kulia anaukanyaga. Wa kushoto umekuwa mweusi na mkavu kama kijiti cha mkaa, vidole vimejikunja.

Mangi amekuja kuchota maji akashangaa. Akauliza nimempa nini. Nilikuwa na nafasi. Uani tulikuwa wawili, hakuna mwingine, na yeye alikuwepo siku ile, alisikia kila kitu. Nilifungua mdomo nikasema ni ile mizizi ya mtunguja. Akasema loo, kumbe miti shamba inafanya kazi. Akaniuliza muuzaji anakaa wapi, shangazi yake anaumwa miguu. Nikamwelekeza.

Mwanamume wa miaka sitini na tatu. Nimemsingizia mwanamke, nimewasingizia watoto wasiokuwepo, sasa nimeisifia mizizi. Kila mtu nimempa sehemu yake isipokuwa mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nimemwambia Mangi. Nilikwenda dukani asubuhi kabla wateja hawajawa wengi. Nimemwonyesha lastiki. Alikuwa anapima mchele, akaacha. Hakucheka, hakunilaumu. Ameniuliza kitu kimoja tu, kwamba Mama Salma ameshaambiwa? Nikasema bado. Akaendelea kupima mchele.

Halafu wakati natoka akaniambia jambo ambalo sikulijua. Tangu kideri kilipoua wale wengine, Mama Salma alikuwa akimtengea Kishingo ukoko wa wali kila asubuhi, mimi nikiwa kwenye cherehani, na akimkalisha mbali na kuku wake mwenyewe ili wasimnyang'anye. Alimwambia mke wa Mangi kwamba kile kifaranga kikifa shemeji yake atakufa naye. Na mimi niliuona ufagio tu.

Nimekaa kwenye cherehani mpaka adhuhuri bila kushona.

Alhamisi, 7 Agosti

Mguu umedondoka. Nimeukuta bandani asubuhi, peke yake kwenye maranda, kitu kidogo kikavu. Nimeuzika nyuma ya choo. Kishingo anaruka kwa mguu mmoja, kigutu anakigusisha chini kujisawazisha. Anaanguka, anainuka. Hatari imepita, nadhani. Ataishi.

Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Buguruni.

Salma amepanga vyumba viwili nyuma ya gereji. Vyuma vinagongwa mchana kutwa, mtu husemi mpaka upaze sauti. Mama Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nimempa shikamoo, kama ninavyompa tangu alipoolewa na kaka. Ameitika marahaba. Amenikaribisha, amenipa chai na andazi. Mgeni hasa. Mimi sasa ndiye mgeni.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yamekwama. Nimetoa karatasi mfukoni, nimeifungua kwenye mkeka mbele yake, lastiki mbili. Alizitazama, mikono imesimama ndani ya mchele.

Akasema, "Ilikuwa ndani?"

Nikasema ndani ya nyama, haikukatwa na mtu, niliifunga mimi na ikazama. Nikamweleza na ya pili. Nikamweleza na mguu ulivyodondoka. Akafumba macho kidogo nilipofika hapo. Nikamwambia nisamehe, shemeji. Nililisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya nyundo za gereji, likatoka kama ninaamrisha. Ikabidi nilirudie.

Akaikunja karatasi vizuri na kunirudishia.

"Nimekusamehe. Hilo nakupa, sitaki kwenda nalo kaburini. Ila miaka ishirini na mbili nimefagia ua ule, shemeji. Nimemwosha baba yako alipokuwa hawezi kujigeuza. Siku zote hizo kumbe ulikuwa unanihesabu mgeni." Akarudi kwenye mchele wake. "Kurudi, sirudi."

Nikasema nilisema kwa hasira. Akasema anajua, hasira haitungi maneno, huyatoa tu yalipokuwa.

Ni kweli. Sikuyatunga siku ile. Yalikuwepo. Baba alipofariki niliwahi kumwambia Somoe neno lilelile, chumbani, kwamba wanawake wa kuolewa wanakuja na kukaa kama nyumba ni yao. Somoe aligeukia ukutani. Na yeye alikuwa mwanamke wa kuolewa.

Chai nimeimaliza kwa adabu. Mama Salma amenisindikiza mpaka kwenye gereji. Ameniuliza Kishingo anapandaje bandani kwa mguu mmoja. Nimesema nampandisha mimi.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefagia uani. Nimegundua kona ya choo haifagiliki mpaka uiname kabisa. Mgongo unauma.

Jumapili, 17 Agosti

Salma amekuja mchana na bajaji na tenga. Safari hii amenisalimia. Ametoa vyombo vya mama yake chumbani, masufuria, kinu, ndoo mbili, picha ya Rashidi. Nimemsaidia kubeba kinu. Chumba kimebaki na msumari ukutani.

Kisha akaja kuchukua kuku. Mama yake alikuwa amemweleza: mweusi mwenye kilemba, mwekundu mkia uliokatika, na yule wa madoadoa. Salma hakuniuliza kitu, amewaokota mmoja baada ya mwingine kana kwamba wameandikwa majina. Hakukosea hata mmoja.

Nikamwinua Kishingo. Nilikuwa nimeamua tangu usiku ule niliporudi kutoka Buguruni. Nikamwambia Salma, mpelekee mama na huyu, ni uzao wa Somoe, bado atataga, mguu mmoja haumzuii. Nikamtia ndani ya tenga pamoja na wale watatu. Akatulia hapo, kwa kuwa aliwazoea.

Salma akafungua tenga. Akamtoa kwa mikono miwili, taratibu, akamweka chini na kumshikilia mpaka alipopata kusimama.

"Mama alijua utafanya hivi, bamdogo," akasema. "Amesema nisimpokee. Amesema huyu ni wako."

Hakusema kwa ubaya. Akaniaga, nikamfungulia mlango wa uani, bajaji ikaondoka. Mangi alikuwa kibarazani, akaangalia pembeni.

Uani kuna kuku watano. Wote ni wangu, hakuna wa kuwachanganya nao. Jioni nimewamwagia pumba, nimemsogezea Kishingo bakuli la maji asihangaike, halafu nikampandisha bandani. Nimefunga banda saa kumi na mbili na robo.